Hita plagi zikigoma asubuhi ya Tabora: ubadilishe seti, utengeneze rilei au ufunge kitufe?

Mwezi wa saba Tabora, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtaa unaamshwa na sauti za stata. Magari ya petroli yanawaka mara moja na kuondoka. Ile Hilux ya jirani, injini 3L, inapigwa stata, inanyamaza, inapigwa tena, kisha wingu la moshi mweupe linapanda hadi kwenye miembe na harufu ya dizeli mbichi inaingia madirishani. Ikifika mara ya nne betri inaanza kulegea, na vijana wanaitwa kusukuma. Saa nne mchana gari hilohilo linawaka kwa mguso mmoja wa ufunguo.

Dalili hizo mbili zikija pamoja, yaani moshi mweupe alfajiri na kuwaka kirahisi injini ikishapata moto, mkono wangu huenda kwanza kwenye hita plagi. Ni vijiti vya chuma vilivyofungwa kwenye silinda hedi, kimoja kwa kila silinda, na kazi yake ni kuwa vyekundu kwa sekunde chache ili dizeli ya kwanza ipate pa kushikia moto.

Nafanya umeme wa magari hapa mjini, na swali ninaloletewa kila msimu wa baridi ni lilelile: "Fundi, ninunue nini?" Mwenye swali atakuwa ameshapewa majibu manne mtaani. Mmoja kamwambia abadilishe plagi zote. Mwingine, rilei, ile swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye plagi, ndiyo imekufa. Wa tatu, aachane na mambo ya kiwandani, afunge kitufe cha kuziwasha plagi kwa mkono. Wa nne kamuuzia kopo la spreyi ya kuwashia. Kila jibu limewahi kumsaidia mtu, na kila jibu limewahi kumtia mtu hasara. Ninayalinganisha hapa kwa sababu nimechoka kuona watu wakinunua plagi nne mpya wakati kosa liko kwenye nati moja.

Kwa nini Tabora inaziumbua kuliko Kigoma

Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Katika Hilux za injini 2L, 3L na 5L, na katika Land Cruiser za injini 1HZ, zile za mkonga (bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo), dizeli haipuliziwi moja kwa moja juu ya pistoni. Inaingia kwanza kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi, na humo ndimo ncha ya plagi inapochungulia. Kichumba kikiwa baridi, kuta zake zinanyonya joto la hewa kabla dizeli haijashika. Ndiyo maana injini hizi, ingawa zinabana hewa hadi mara 22 hivi, bado zinaomba msaada wa plagi hata katika asubuhi ambayo mtu mwenye sweta hawezi kuiita ya baridi kali.

Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 14 au 15. Kigoma mjini, chini karibu na ziwa, usiku una uvuguvugu. Niliwahi kupokea gari la dagaa lililokuwa likilala Kigoma miezi yote na plagi mbili zilizokufa. Dereva alijua tu kwamba asubuhi linamisi kidogo kisha linakaa sawa. Likalala kwetu usiku mmoja, likagoma kabisa, naye akaamini ameuziwa dizeli chafu njiani. Dizeli yake ilikuwa safi. Silinda mbili zilizobaki na plagi nzima hazikuweza kuibeba injini nzima kwenye baridi ile.

Kama gari lako ni Land Rover ya 300Tdi, au lori kubwa, mambo ni mengine. Injini hizo hupulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo hazitegemei sana plagi, na malori mengi makubwa hayana plagi hizo kabisa. Lori la aina hiyo likigoma asubuhi, anza na betri, stata na hewa kwenye mafuta.

Hakikisha kwanza kwamba ni plagi

Tazama bomba la moshi mtu akipiga stata. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda ila haiwaki: hapo plagi ni mtuhumiwa halali. Moshi usipotoka hata kidogo, dizeli haifiki, na plagi mpya hazitakusaidia. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini mwanzoni na kuwa ngumu baada ya kuibonyeza mara kadhaa, kisha gari likawaka, basi usiku dizeli ilirudi kwenye tangi na hewa ikaingia. Tafuta mpira uliopasuka au klipu iliyolegea.

Betri nayo ipimwe. Ikiwa imepumzika inapaswa kusoma karibu volti 12.6, na stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6 au 10. Injini inayozunguka kivivu haipati joto la kubana hewa, hata plagi zikiwa nyekundu kama kaa la moto.

Jambo moja linawadanganya wengi: taa ya plagi kwenye dashibodi. Katika magari haya ya zamani taa ile inafuata taima, kile kifaa kinachopanga sekunde za kuwasha plagi. Inawaka na kuzima kwa muda uliopangwa, plagi zikiwa nzima, zikiwa zimekufa, hata zikiwa hazipo. Usiitumie kama ushahidi.

Taa, mita, au kuchomoa

Kuna njia tatu za kupima plagi, na mafundi hubishana ipi ni bora. Mimi natumia zote, kila moja kwa wakati wake.

Taa ya kutestia ndiyo ya haraka. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge nyaya mbili. Fungua ule ukanda wa chuma unaounganisha plagi zote, uuondoe, maana ukiuacha plagi moja nzima itaziwashia taa nyingine zote na utadanganyika. Waya mmoja wa balbu uende chanya ya betri, mwingine uguse kichwa cha plagi moja moja. Balbu ikiwaka, njia ndani ya plagi haijakatika. Isipowaka, plagi imekufa, hakuna mjadala. Napenda balbu yenye wati za kutosha kuliko vile vitesta vyenye kitaa kidogo, kwa sababu vitaa hivyo huwaka kwa umeme kiduchu na vinaweza kuisifu plagi isiyofaa. Mtu yeyote kijijini anaweza kuitengeneza taa hii. Upungufu wake: haikuambii kama plagi imechoka, wala kama imepiga shoti ndani.

Mita inasema zaidi, ikiwa unajua kuisoma. Plagi nzima ya volti 12 ikiwa baridi husoma upinzani wa chini ya omu 2, nyingi zikikaribia 1. Ikisoma mwisho wa mita, imekatika. Ikisoma sifuri tupu, ina shoti. Tatizo ni kwamba mita za bei ndogo hazijui kutofautisha nusu omu na omu moja, na nyaya zake zenyewe zina upinzani. Gusanisha ncha mbili za mita kwanza, ukumbuke ilichosoma, kisha ukitoe kwenye jibu. Mwenye mita ya kubana waya inayosoma ampea za betri ana bahati kubwa zaidi: anabana waya mkuu, anawasha swichi, na anaona. Kila plagi ya volti 12 ikishapata moto huvuta takriban ampea 10. Nne zikivuta 30 badala ya 40, moja haifanyi kazi, na hujafungua hata nati.

Kuchomoa ndiyo njia ya mwisho na ndiyo yenye habari nyingi. Unaishika plagi kwa koleo, mwili wake kwenye hasi ya betri, kichwa kwenye chanya kwa waya mnene, unahesabu. Plagi nzuri inaanza kuwa nyekundu kwenye ncha ndani ya sekunde chache. Ikianza kuwa nyekundu katikati au karibu na shingo huku ncha ikibaki nyeusi, imechoka, hata kama taa na mita zimeipitisha. Usizidishe sekunde 10, na usiijaribu hivyo plagi iliyoandikwa volti 6. Vaa miwani.

Lakini kuchomoa kuna hatari yake, na hapa nawaomba vijana wa gereji wanisikilize. Mwaka mmoja Land Cruiser ya 1HZ ililetwa ikiwa na plagi ya silinda ya tano iliyokaa miaka mingi. Nilimwaga mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikarudia asubuhi, nikaipasha injini moto, kisha nikaanza robo mzunguko mbele, robo nyuma. Ilitoka kwa shida, na nilipoitazama ncha yake ilikuwa imevimba kama njiti ya kiberiti iliyoungua, na pembeni ina ufa. Ningeivuta kwa nguvu ingekatikia ndani, na gari lile lingefunguliwa silinda hedi kwa sababu ya kipande kisichozidi ncha ya kidole. Plagi iliyovimba hivyo inaeleza pia kisa chake: imepata umeme mwingi kuliko stahili yake, au rilei ilinata ikawa inailisha gari likitembea, au nozeli ya silinda ile inatema dizeli kama mkojo badala ya kuipuliza kama ukungu. Ukiweka mpya bila kutafuta sababu, utairudia kazi.

Seti mpya au rilei mpya?

Hapa ndipo fedha nyingi inapopotea.

Mzee mmoja anayetoa asali Sikonge alikuja na Hilux yake mwezi wa sita. Madumu yalikuwa bado nyuma, nyuki wawili watatu wanazunguka bodi. Alikuwa ameshabadilisha plagi zote nne mahali pengine, na gari bado linagoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Hizi plagi nilizouziwa nadhani ni feki. Nitolee, niwekee nyingine."

Nilimwomba dakika kumi kabla ya kutoa chochote. Nikawasha swichi, plagi zikiwa zinavuta, nikapima. Betri ilisoma 12.3. Kwenye mguu wa rilei unaopokea umeme, 12.1. Kwenye mguu unaotoa, 8.2. Karibu volti nne zilikuwa zinapotelea ndani ya kiboksi kidogo kilichofungwa kwenye ukuta wa boneti. Nilipokifungua, vile viungo viwili vinavyogusana ndani vilikuwa vimechimbika na kuwa vyeusi kama mahindi yaliyosahaulika kwenye jiko.

Wengi hawaamini kwamba kutu kidogo inaweza kufanya hivyo, kwa hiyo tufanye hesabu. Plagi nne huvuta ampea 40. Uchafu wenye upinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, ambao mita ya kawaida haiuoni, ukipitiwa na ampea 40 unameza volti 4. Na joto la plagi halishuki kwa kiwango kilekile cha volti. Plagi ya volti 12 ikipata 8, joto lake linakuwa chini ya nusu. Yule mzee alikuwa na plagi nzima, mpya, ambazo hazikuwahi kuwa nyekundu.

Kwa hiyo kati ya seti na rilei, mita ndiyo inayochagua. Washa swichi, weka mita kwenye ule ukanda wa chuma juu ya plagi. Ikisoma pungufu ya betri kwa nusu volti au volti moja, njia ya umeme ni nzuri: pima plagi zenyewe. Ikisoma pungufu sana, acha plagi, fuata waya kurudi nyuma: nati za ukanda, rilei, fyuzi kubwa, waya wa ethi kati ya injini na bodi. Ikisoma sifuri, sikiliza kwanza kama rilei inapiga "tak" ukiwasha swichi. Ikipiga na umeme hautoki, viungo vyake vimekufa. Isipopiga, haipati amri: kosa liko kwenye taima, kwenye kihisio cha joto la maji, au kwenye fyuzi ndogo.

Rilei ni rahisi kubadilisha kuliko plagi, kwa kuwa haigusi injini, na ikikosewa hakuna kinachovunjika. Plagi zina hatari ya kukatika na kuharibu uzi wa silinda hedi. Kwa sababu hiyo peke yake, hata kama bei zingekuwa sawa, mtu asianze na plagi kabla ya kuhakikisha umeme unazifikia. Na mara nyingi hata rilei haihitajiki. Kipande cha msasa laini kwenye ukanda na nati mpya nne vimewahi kuliwasha gari lililoletwa kwa kamba.

Taima ya kiwandani au kitufe cha mkono?

Hili ndilo swali linalogawa mafundi, na msimamo wangu umebadilika kadiri miaka ilivyokwenda.

Taima ya kiwandani inasoma joto la injini na kuamua plagi ziwake sekunde ngapi. Dereva hafikirii chochote. Ikiwa nzima, hakuna kitu bora. Ila ikifa, kuipata ya gari la mwaka 1992 hapa Tabora ni kazi. Utaagiza Mwanza au Dar es Salaam, utaletewa ya gari lililobomolewa, nayo huenda ikawa na ugonjwa uleule.

Kitufe ni kitu cha kueleweka. Unabonyeza, unahesabu hadi 10 au 12 kwa asubuhi ya Tabora, unaachia, unapiga stata. Mchana wa jua hukihitaji. Hakuna taima ya kufa, hakuna kihisio cha kudanganya. Kikiharibika Ipole au njiani kuelekea Mpanda, unaweza kukitengeneza kwa koleo na kipande cha waya.

Ubaya wake uko kwenye mkono unaokibonyeza. Dereva mwenye haraka anashikilia sekunde 40 akidhani anaongeza nguvu, na plagi zinavimba. Mwingine anabonyeza sekunde mbili, gari halishiki, anamaliza betri. Gari likiwa na madereva watatu wa kupokezana, kitufe kitaua plagi. Likiwa la mtu mmoja anayelijua kama anavyoijua baiskeli yake, kitufe kitamtumikia miaka.

Kwa hiyo ninachomuuliza mteja siku hizi ni nani anashika ufunguo. Kabla sijatazama kitu kingine.

Na kama umeamua kitufe, kifungwe inavyostahili. Nimekuta magari ambayo ampea 40 zimepitishwa moja kwa moja kwenye kitufe cha kengele ya mlango kwa waya wa spika. Waya unayeyuka chini ya dashibodi, miguuni mwa dereva. Kitufe kiamuru rilei tu, kwa waya mwembamba. Umeme mkubwa utoke betri, upite kwenye fyuzi kubwa, uingie rilei ya kuhimili ampea 70 au zaidi, ndipo uende kwenye plagi kwa waya wa milimita 10 za mraba kwa silinda nne, na 16 kwa silinda sita za 1HZ. Rilei ya honi haifai.

Jambo la mwisho kuhusu kitufe, nalo limeunguza plagi nyingi mkoani hapa. Soma maandishi kwenye mwili wa plagi. Baadhi ya Toyota za volti 12 zina plagi zilizoandikwa volti 6 au karibu na hapo, kwa sababu mfumo wao unazipa umeme mwingi kwa mkupuo mfupi ziwahi kuwa nyekundu, kisha unaupunguza kwa kuupitisha kwenye rezista. Gari la aina hiyo ukilifungia kitufe na kuzilisha volti 12 tupu, plagi zinakwisha asubuhi chache tu. Ukitaka kitufe, ubadilishe pia plagi uweke za volti 12. Na kuna magari yenye mfumo wa volti 24: ukiyawekea plagi za 12 zitaungua, na plagi za 24 kwenye gari la 12 hazitapata moto hata ubonyeze hadi jua lichomoze.

Moja au zote, orijino au za bei nafuu

Plagi moja ikifa kwenye seti iliyowekwa siku moja na yenye umri mkubwa, badilisha zote. Nyingine ziko njiani, na utaulipa ufundi mara mbili. Plagi moja ikifa kwenye seti ya mwaka jana, badilisha hiyo moja na utafute kwa nini, hasa nozeli ya silinda ile. Ukichanganya plagi za aina mbili kwenye injini moja, silinda hazitawaka sawa, na gari litatikisika asubuhi kama lenye homa.

Kuhusu ubora, sishauri kununua plagi zisizo na jina wala namba mwilini. Zinazotengenezwa na kampuni kama NGK, Denso, Bosch au Beru zimeandikwa volti na namba ya aina, na namba hiyo unailinganisha na ya zamani. Feki ninazokutana nazo zina ncha nyembamba au uzi usiolingana, na wakati mwingine ncha ni ndefu kwa milimita chache, jambo ambalo ndani ya kichumba kile kidogo si dogo hata kidogo. Akiniambia mteja kwamba fedha haitoshi seti ya orijino, namshauri anunue orijino mbili za kuziba zilizokufa, mbili nzima zibaki, na zile mbili nyingine anunue mavuno yajayo. Ni bora kuliko feki nne leo.

Wakati wa kufunga, zungusha kwa vidole hadi mwisho, kisha kaza kwa kiasi: plagi ya uzi wa milimita 10 inatosheka na nyutoni mita 12 hadi 18. Ile nati ndogo ya juu inataka nguvu ya vidole na robo mzunguko wa spana. Kichwa cha plagi mpya nyingi nilizozitupa kilikatwa na nati hiyo.

Spreyi, petroli na kusukuma

Hapa sitakaa sana. Spreyi ya kuwashia ina etha, ambayo inalipuka kwa joto dogo kuliko dizeli. Ukiipuliza kwenye mdomo wa hewa huku plagi ziko nyekundu, inaweza kulipuka kabla pistoni haijafika juu, na pistoni ikapokea kipigo ikiwa bado inapanda. Ringi za pistoni zinavunjika. Kitambaa chenye petroli ni ndugu yake, na kinaunguza mikono juu ya hayo. Makaa chini ya karta, lile bakuli la oili chini ya injini, nimeyaona, na nimeona pia gari lililoungua kwa makaa hayo.

Kusukuma hakudhuru kiasi hicho, na kwenye mteremko kunaweza kukuokoa siku moja. Lakini kila asubuhi unayosukuma injini inayotema moshi mweupe, dizeli isiyowaka inaosha oili kwenye kuta za silinda. Miezi sita ya hivyo, na tatizo la plagi linakuwa tatizo la ringi. Ukifika huko, plagi mpya, rilei mpya na kitufe vyote kwa pamoja havitaliwasha, kwa sababu hewa haibaniki tena. Gari ambalo plagi zake nne zinawaka vizuri, ukandani kuna volti 11.5 au zaidi, betri inazungusha kwa nguvu, na bado linatoa moshi mweupe hadi saa mbili, lipelekwe kupimwa mgandamizo na nozeli.

Yule mzee wa asali nilimwekea rilei, nikasafisha ukanda, nikabadilisha nati. Plagi zake "feki" nilizipima moja moja zikawa nyekundu kwenye ncha, nikamrudishia zilezile. Kitufe alikitaka, kwa sababu kaka yake wa Urambo anacho. Nilimuuliza nani anaendesha gari hilo. Akanitajia wanawe wawili na mkwe wake. Nikamwambia taima yake bado nzima, tuiache. Ile rilei ya zamani aliomba aondoke nayo, akaifunga kwenye leso, aende akamwonyeshe fundi wa mwanzo.